Matanga Niliyoyazuia

Rumonge, mkesha wa safari yako

Kwako Leonsia, binti yangu wa kwanza, uliye katika chumba cha pili na ninayekuandikia kana kwamba umekwisha kuvuka mpaka,

Leo ni siku ya tisa hatujasemezana. Katika nyumba ya vyumba vitatu, kunyamaziana siku tisa ni kazi inayowachosha hata wasiohusika. Mama yako amekuwa tarishi kati yetu, akibeba maneno kutoka mlango mmoja hadi mwingine kama mtu anayebeba maji kwa kikombe. Mambo ya chakula, ya vidonge vya malaria, ya mahali pa kuficha fedha na ya urefu wa sketi inayomfaa mwalimu, yeye amekwisha kukueleza, nami nimemsikia akiyaeleza mara tatu. Sitayarudia. Nimechukua karatasi kwa sababu ya sharti uliloniwekea, ulipokuwa umesimama kizingitini na mkono wako uko juu ya fremu: kwamba hutaniaga mpaka niondoe matanga ya baba yako mdogo, Daudi.

Nalijibu sharti hilo katika barua hii. Nakuomba unisamehe nikichelewa kufika kwenye jibu. Nimezoea kuandikia ofisi, na kwenye ofisi mtu hafiki mezani bila kupita mlangoni.

Nianze na barua ya mkuu wa shule ya Kigoma iliyokuita ukafundishe Kifaransa. Nimeisoma mara saba, na mara nne kati ya hizo nimeisoma kuanzia chini kwenda juu. Ndivyo nisomavyo kila barua inayoletwa kwenye baraza yangu ya kuwaandikia watu barua, mbele ya ofisi ya komine, serikali ya hapa mjini, kwa maana barua hudanganya zaidi mwanzoni. Karibu na sahihi mwandishi amekwisha kuchoka, na ukweli humponyoka. Chini kabisa ameandika: "suala la nyumba ya mwalimu litaangaliwa." Mtu mwenye nyumba huandika nyumba iko wapi na ina vyumba vingapi. Anayeandika "litaangaliwa" hana nyumba. Fika kwake ukijua hivyo, wala usimwonyeshe kwamba unajua. Isitoshe, mhuri wake, kashe kama tuiitavyo hapa, umepigwa juu ya sahihi, si pembeni. Hilo silipendi, ingawa siwezi kulitolea sababu.

Unaona jinsi nilivyo. Ulipokuwa mdogo uliwaambia wenzako kwamba baba yako hunusa mikate kabla ya kuamini kwamba ni mikate. Niliambiwa, na nilikasirika, na jioni yake niliinusa mikate.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, matanga. Nimelishuku tangu nikiwa mtoto ukimbizini, Tanzania, kabla sijajua kwamba kushuku kungekuwa ndiyo kazi yangu. Babu yangu, aliyekuwa amezaliwa hapa Rumonge na kulikumbuka ziwa kila siku ya uhamisho wake, alituhadithia mitumbwi ya zamani iliyokuwa na tanga, kitambaa cha kukamatia upepo. Shuleni mwalimu alitufundisha kutanga, yaani kwenda huku na huku bila makao, na alipotamka hivyo alitutazama sisi wakimbizi. Kwa majirani wetu waliotoka Kongo, kukifa mtu kulikuwa na matanga: watu wanalala nje, wanalia, wanakula pamoja. Na nyumbani, kwa Kirundi, mama aliposema gutanga alikuwa na maana ya kutoa: kutoa chakula, kutoa mahari, kutoa alichonacho mtu mkononi. Nilimwendea mwalimu nikamuuliza inakuwaje neno moja likafanya kazi nne. Akanijibu, "Tobia, hayo ni maneno manne. Kufanana kwake ni bahati tu. Nenda ukacheze."

Sikwenda kucheza. Niliona watu wanne waliovaa shati moja, na kwangu hiyo haikuwa bahati, ilikuwa njama. Nilinunua kamusi kuukuu isiyo na majalada, nikaanza kujifundisha lugha kama mtu anayefanya upelelezi. Kwa kamusi hiyo nimewaandikia watu wa mji huu maombi ya vibali, ya vyeti vya kuzaliwa, ya kufunguliwa kwa mahabusu, na ya msamaha wa wake zao. Sijawahi kuandika sentensi ambayo ofisa angeweza kuisoma kwa namna mbili. Nilijivunia hilo. Nilidhani mwenye kulinda maneno yasimsaliti hawezi kusalitiwa na nafsi yake.

Baba yako mdogo alikuwa mtu wa namna nyingine. Unamkumbuka akicheka na kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kilichokatwa ncha na kamba ya wavu, akikutisha kwamba kilienda sokoni kikapotea. Wiki aliyozama, alinijia barazani mchana kweupe, wateja wakisikia, akaniomba nimwandikie barua kwa tajiri mmoja wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, mwenye boti kubwa na jipya. Alisema boti alilofanyia kazi hapa linavuja, na mwenyewe kila akiambiwa anaziba kwa matambara.

Mimi nilishuku. Nilijua kwamba Kalemie alikwenda mara mbili mwaka ule, na kwamba mara ya pili alirudi na shati asilolinunua yeye. Nikamuuliza mbele za watu huyo tajiri anaitwa nani, na kama anavaa kitenge.

Daudi alicheka. "Kaka, hata Mungu akikutumia malaika, utamuomba kashe."

"Sikuandikii," nikasema. "Mkeo Serafina anakungoja nyumbani. Ukitaka kwenda, nenda ukatange na dunia bila karatasi yangu."

"Aya. Nitabaki na hilo boti ya matambara," akasema. Alimlipia mteja aliyekuwa amekaa karibu naye chai, akaondoka. Siku tatu baadaye dhoruba iliwakuta ziwani wakivua ndagala. Boti lilipatikana limepinduka karibu na Kabezi, na maiti za wenzake wawili zikapatikana. Ya Daudi haikuonekana.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza, nalo lilikuwa la kuchagua. Wanawake wa nyumba hii waliniuliza habari ya matanga, nami niliwajibu habari ya kutanga. Nilisema: hajafa, amevuka, yuko Kalemie na mwanamke aliyempa lile shati. Nilibandika tangazo makanisani na msikitini kwamba anatafutwa, nikaeleza na kidole chake. Niliandika barua Kalemie, Uvira na Kigoma. Watu walinisifu kwa kutokata tamaa kwa ndugu yangu. Ukweli wa moyo wangu ulikuwa huu, na sijamwambia mtu: ikiwa Daudi anatanga, basi maneno yangu ya barazani yalikuwa maneno tu. Ikiwa amekufa, yalikuwa laana, tena ya mwisho aliyoisikia kwangu, na barua niliyomnyima ndiyo ingemtoa katika boti lile.

Unaijua desturi yetu, lakini niiandike kwa ukamilifu. Msiba huondolewa mara mbili: siku chache baada ya maziko, na tena baada ya kama mwaka, siku ya kuganduka. Siku hiyo ndugu hukusanyika, mkubwa wa ukoo husimama, huwauliza wenye madai na marehemu wajitokeze, kisha hutamka kwamba tumetoka katika kilio. Asipotamka, kilio hakijaisha. Mjane hawezi kuolewa. Katika nyumba yenye matanga hakuna harusi. Mkubwa wa ukoo ni mimi, na nimenyamaza miaka sita. Mama yako mdogo Serafina alikuwa na miaka ishirini na minane mume wake alipopotea. Hesabu hiyo ifanye wewe mwenyewe, mimi naiogopa.

Na Fabiani, huyo fundi wa injini za boti aliyemposa mwaka jana, nilimshuku vilevile. Niliuliza kwa nini kila alipoleta mukeke alimleta amekwisha kuparwa magamba. Nilisema mtu anayeondoa magamba ya samaki kabla hajafika ana kitu asichotaka tukione. Mama yako aliniambia, "Anaondoa magamba ili Serafina asichoke." Sikuliamini jibu jepesi namna ile.

Sasa ufike kwenye kosa la pili. Hili hulijui. Siku tisa zilizopita ulinipigia kelele kwamba nawazuia watu kwa kukosa ushahidi. Mwanangu, ushahidi ninao kwa miaka minne.

Alikuja mzee mmoja barazani kwangu, siku ya soko, watu wakiwa wengi. Alikuwa amevaa koti la mvua na hapakuwa na mvua. Alingoja zamu yake kama mteja.

"Amahoro, muandishi."

"Amahoro, mzee. Ombi lako ni la nini?"

"Sina ombi. Naitwa Gaspard, natoka Muhuta. Nimeleta habari ya ndugu yako."

Akaeleza kwamba tangazo langu lilisomwa kanisani kwao kwa kuchelewa sana, lakini aliposikia habari ya kidole alikumbuka. Baada ya dhoruba ile, ziwa lilimtupia mtu ufukweni, chini ya shamba lake. Mkono wa kushoto, kidole cha mwisho, hakikuwa na ncha. Alimzika yeye na mke wake.

Nikamuuliza, "Una hati?"

"Hati gani?"

"Ya chifu wa kilima chenu, inayothibitisha kwamba ulizika mtu."

"Muandishi, maiti ilikuwa inaharibika. Ningeiacha na jua, nikimbilie papye za chifu?"

"Basi andika hayo uliyoyasema, utie sahihi, kisha ukayapigishe kashe. Habari ya mdomo siwezi kuipokea."

"Mimi sijuake kuandika. Lakini wewe unaandikiaka watu wote. Andika, nitatia kidole."

Hapo nikatamka sentensi ambayo, kwa aibu yangu, niliipenda ilipokuwa ikitoka: "Mwandishi hawezi kuandika ushahidi katika shauri lake mwenyewe." Watu wa barazani walitikisa vichwa kwa heshima. Gaspard hakutikisa. Aliingiza mkono katika koti lake, akatoa ufunguo mdogo wa kufuli uliofungwa kwenye kamba ya nyuzi za wavu, za buluu, zilizosukwa mara tatu. "Ulikuwa shingoni mwake," akasema, akauweka juu ya mashine yangu ya kuandikia. "Na huu utaupigia kashe?" Akaenda zake.

Nilijiambia kwamba ametumwa. Nilijiambia kwamba anataka kulipwa, ingawa hakuomba hata maji. Nilijiambia kwamba funguo za kufuli ndogo zinafanana, zinauzwa kwa mafungu pale sokoni. Na mimi, ninayeinua kila mhuri juani kuona kama wino umetoka katika mhuri mmoja, sikuuchukua ufunguo ule kwenda kuujaribu kwenye sanduku la Serafina, ambalo liko hatua arobaini kutoka hapa na ambalo kufuli lake halijafunguliwa tangu Daudi aondoke na ufunguo wake. Nyote mnajua anavyotoa nguo zake: amezing'oa bawaba za nyuma. Niliuweka ufunguo katika sanduku la mashine, chini ya nakala za barua zangu za kumtafuta Daudi. Baada ya hapo niliandika barua nyingine tano.

Nimelifikiri jambo hili kwa siku tisa, na nadhani nimeipata sababu kwa nini nilimkosea yule mzee, mbali na woga wangu. Katika miaka yangu yote barazani, kila anayenijia anakuja kuomba. Nimejifunza kumsikiliza mwombaji: anaficha nini, anazidisha nini, atakubali kipi akinyimwa kile. Gaspard hakuja kuomba, alikuja kutoa. Sikuwa na namna ya kumsikiliza mtu kama huyo. Nilimtafutia ombi lake lilipo, na nilipolikosa nikaona hilo ndilo la kushukiwa. Utakutana nao, Leonsia, watu wachache wa namna hiyo, hata huko Kigoma. Sikuambii uache kushuku. Siwezi kukufundisha nisilolijua, na ile nyumba ya mwalimu bado siiamini. Nakuambia tu yaliyonipata mimi.

Jumatatu nilimwambia mama yako kwamba nakwenda kununua karatasi, nikaenda Muhuta. Hakuniamini, amejifunza kwangu. Nilimkuta Gaspard akianika ndagala, peke yake. Mke wake amekwisha kufa. Alinitazama mikononi.

"Leo umeleta mashini?"

"Hapana."

"Kalamu?"

Ilikuwa mfukoni. Nikamwonyesha.

"Iache humo. Kaa."

Nikakaa juu ya mchanga, na suruali yangu ya ofisini. Akanieleza tena. Nami, kwa mazoea, nilimpima: nilingoja habari iwe imenenepa, kwa sababu habari ya mwongo ikikaa miaka minne huongezeka nyama. Yake ilikuwa imekonda. Alikuwa amesahau kama ilikuwa asubuhi au jioni. Alikuwa amesahau rangi ya suruali. Kidole hakukisahau, wala uzito wake, kwamba yeye na mke wake walishindwa kumbeba, wakamvuta kwa mlango wa banda la mbuzi.

Kisha akanipandisha shambani. Kaburi liko katikati ya mihogo, na mawe manne. Matuta ya mihogo yanakuja moja kwa moja mpaka pale, kisha yanapinda.

"Kila nikilima, hapa nazunguka," akasema. "Bibi yangu alikuwa ananichokoza, anasema, Gaspard, mihogo yako inaogopa mgeni."

Nilimwambia asante, murakoze. Nilitaka kusema zaidi ya hapo, na nikagundua kwamba sijui sentensi nyingine.

Leo saa kumi nilikwenda kwa Serafina. Alikuwa akichambua chikichi uani, mikono yake myekundu kwa mawese. Nilikuwa nimeandaa utangulizi. Sikuusema. Nikampa ufunguo.

Alifuta mikono kwenye kitenge chake, taratibu, kidole kimoja kimoja, ndipo akaupokea. Hakwenda kuujaribu. Hata hakutazama ufunguo, alitazama kamba.

"Hii nilisuka mimi," akasema. "Iko kwako tangu lini, shemeji?"

"Miaka minne."

"Barua za kumutafuta, ulikuwa unakuja kunisomea jioni. Ulisoma ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na hii ilikuwa wapi?"

"Katika sanduku la mashine."

"Chini ya hizo barua."

"Ndiyo."

Nilingoja alie, maana mtu akilia unajua la kufanya. Akaendelea kuchambua chikichi, mbovu huku, nzima huku. Baadaye akasema bila kuniangalia, "Kesho asubuhi ita ndugu, mbele mutoto hajaenda. Pombe nitatafuta mimi. Lakini wewe hutasema."

Nikamwambia kwamba kwa desturi husema mkubwa wa ukoo.

"Mukubwa atakaa. Leonsia ndiye atasema."

"Ni mtoto," nikasema. "Tena ni msichana."

"Iko mwalimu," akasema. "Na huyo ndiye aliniombea."

Nimepita kwa ndugu zetu wote kabla ya jua kuzama, nikawaalika kwa saa kumi na mbili asubuhi. Wawili walikasirika waliposikia ni nani atakayesema. Mmoja aliniuliza kama nimeugua. Niliwajibu kwamba ndivyo mjane alivyotaka. Dereva wa gari la Nyanza-Lac amekubali kukungoja hadi saa mbili, na namshuku kwa kukubali upesi. Kwa hiyo mkoba wako mama yako ataukalia mwenyewe, ndani ya gari.

Hili ndilo jibu langu kwa sharti lako. Umeshinda, lakini ushindi wako umekuja na kazi, na kazi hiyo nilitaka kukufanyia. Nilianza kukuandikia maneno ya kusema. Nilipata mianzo mitatu, yote mizuri, mmoja ukiwa na methali. Nimeichana. Wewe utasimama, utaeleza kwamba Daudi amepatikana na mahali alipo, utawauliza wenye madai, utatamka kwamba tumetoka katika kilio, na kwamba Serafina ni huru. Kwa maneno yako, na Kirundi chako na Kiswahili chako, vyovyote vitakavyochanganyika.

Kuna jambo moja tu naomba. Watauliza kwa nini matanga haya yamechukua miaka sita, na nani aliyeyazuia. Wewe unanipenda, hata katika kununa kwako, na nakujua: utatafuta maneno ya kunisitiri. Utasema kulikuwa na utata, au habari zilichelewa, au desturi ilitatiza. Hayo ni maneno yangu, nimeyauza miaka mingi, nami nayajua yalivyo. Usiyatumie. Wakiuliza ni nani, nyosha mkono unioneshe nilipokaa, useme: ni baba yangu.

Mimi wako,
Tobia